Mzizi, Shina, Jani, Ua na Tunda: Kila Kiungo na Kazi Yake

Somo: Luka 13:6-9



Katika mfano huu, mwenye shamba alikuja miaka mitatu kutafuta matunda kwenye mtini wake, asipate kitu. Akaamuru ukatwe. Lakini mtunzaji akaomba mwaka mmoja zaidi, apate kuchimba pembeni na kutia mbolea. Angalieni vizuri: mwenye shamba alitazama juu kwenye matawi, mtunzaji akatazama chini kwenye mizizi. Alijua kwamba tunda ni kazi ya mwisho, na kwamba viungo vingine vinatangulia.

Sisi watu wa Miti tunaishi kwa jembe. Basi tujifunze viungo hivyo kimoja kimoja.

MZIZI. Unashika mmea udongoni na kunyonya maji pamoja na madini yaliyo ndani ya udongo. Kwa muhogo, mzizi ni ghala pia: ndio ule tunaokula. Ng'oa polepole mmea wa maharagi ungali mbichi, utaona vinundu vidogo kwenye mizizi. Humo wanaishi vijidudu wasioonekana kwa macho, wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Wakati wa mavuno wengi wetu tunang'oa yote na kuchoma. Afadhali kukata shina na kuiacha mizizi ioze udongoni. Ni mbolea usiyoinunua.

SHINA. Linasimamisha mmea, na ndani yake mna njia mbili. Moja inapandisha maji kutoka mizizini, nyingine inateremsha chakula kutoka majanini. Katika mti, njia ya chakula inapita chini ya gome tu. Tunaijua miti ya kenkina, ambayo gome lake linatoa kinini; kiwanda cha Pharmakina mjini Bukavu kinatengeneza dawa hiyo. Lakini mti wowote ukimenywa gome kuzunguka pande zote, mizizi inakosa chakula na mti unakufa, hata kama majani yatabaki mabichi kwa muda. Wewe unayetafuta dawa ya gome, kumbuka hilo.

JANI. Hili ndilo jiko la mmea. Linachukua hewa kupitia vitundu vidogo sana, linapokea maji kutoka mizizini, na kwa nguvu ya jua linapika sukari inayolisha mmea wote. Rangi ya kijani ndiyo inayoukamata mwanga. Kwa hiyo mama anayechuma sombe asimalize majani yote ya shina moja. Ukizima jiko, ghala la chini halitajaa.

UA. Hapo ndipo mbegu inapoanzia. Nyuki na wadudu wengine wanabeba unga wa ua, yaani chavua, kutoka ua hadi ua.

TUNDA NA MBEGU. Tunda linalinda mbegu, na mbegu inabeba mmea mpya. Pasua haragi lililolowa maji: nusu zile mbili ni akiba ya kulisha mche mpaka upate majani yake mwenyewe.

Sasa nieleze kosa langu. Miaka michache iliyopita, mgomba mmoja shambani mwangu ulianza kuwa na majani ya manjano na kunyauka. Nikachukua panga, nikaupunguza majani, kisha kwa panga lile lile nikasafisha migomba mizima. Baada ya wiki chache safu nzima ilinyauka. Ndizi ziliiva kabla ya wakati, na ndani zilikuwa za kahawia. Mashina yakikatwa yalitoa usaha wa manjano.

Watu wakaanza kunong'ona juu ya mama mzee jirani yetu, mjane: eti ameniloga. Mimi, mchungaji, nilisikia na nikanyamaza.

Halafu akaja mtu aliyesomea kilimo. Aliniuliza neno moja tu: "Pasta, panga lako unalisafisha namna gani?"

Ugonjwa ule ni mnyauko wa migomba. Unaletwa na bakteria. Mwaka 2001 ulionekana Uganda, na huku Congo ulionekana kwanza Masisi. Kile tunachokiita shina la mgomba ni makuti ya majani yaliyojifunga pamoja. Shina lenyewe liko chini ya udongo. Bakteria wanaingia kupitia jeraha la panga, au wadudu wanawaleta kwenye ua la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu. Kwa hiyo ua lile linavunjwa kwa kijiti chenye panda, bila kisu, mara tu chana cha mwisho kinapokwisha kutokea. Mgomba uliougua unakatwa peke yake usawa wa udongo. Machipukizi mengine mara nyingi yanabaki mazima. Na panga lipitishwe motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine.

Wapendwa, aliyeharibu shamba langu ni mimi, kwa mkono wangu. Nilikwenda kwa mama yule kuomba msamaha, na Jumapili nikalisema mbele ya kanisa. Nilikuwa nimefanana na mwenye shamba wa Luka 13: nilikosa tunda, nikaacha mtu akatwe kwa maneno.

Wiki hii, tunda lisipoonekana shambani mwako, usitafute jirani wa kumlaumu. Omba, kisha inama. Angalia mzizi, shina, jani na ua, mpaka ukione kiungo kilichougua. Na kama kuna mzee uliyemnong'ona, mwendee kabla hujaenda shambani.

Bwana awabariki.