Mbona Apu Yetu Haiishi Kubadilika?

Umefika dukani, foleni iko nyuma yako, unafungua apu ulipie unga, halafu kile kitufe cha kulipa hakiko pale ulipokiacha jana. Unatafuta, jasho linakutoka, mwenye duka anakuangalia tu. Wateja wengi hutuuliza baada ya siku kama hiyo: si mmalize kuitengeneza mtuachie?

Jibu la ukweli ni kwamba hatutamaliza. (Kuhamisha kitufe bila kukuonya, hilo una haki ya kulalamika.)

Zamani programu ya kompyuta ilinunuliwa ikiwa kwa sanduku. Windows 95 ilitoka Agosti 1995, na aliyetaka toleo lililofuata alinunua tena. Intaneti ikavunja mtindo huo. Gmail ilifunguliwa tarehe 1 Aprili 2004 ikiwa na alama ya "beta", yaani bado iko kwa majaribio. Alama hiyo haikutolewa hadi Julai 2009, mamilioni ya watu wakiwa washaizoea kwa kazi ya kila siku. Na hata baada ya hapo haikuacha kubadilika.

Sababu ni kuwa sehemu kubwa ya huduma kama hizi haikai kwa simu yako. Inakaa kwa seva. Fundi akirekebisha kitu huko usiku, asubuhi kila mtu anakipata. Ndiyo maana hata mwenye kabambe anaweza kukuta menyu imeongezewa huduma na hajapakua chochote. Kile kipande kilicho ndani ya simu janja ndicho husasishwa, na hicho hupitia Play Store au App Store. Basi.

Matapeli wamejipenyeza hapo hapo, kwa sababu wanajua umezoea kuambiwa "sasisha".

Chukua mama muuza mitumba mwenye shilingi 20,000 za mzigo wa kesho. Saa mbili usiku anapata SMS: apu yako inafungwa leo, sasisha hapa. Anabonyeza linki. Ukurasa una rangi zetu zile zile, unamwuliza namba ya simu na PIN, naye anaziandika. Dakika chache baadaye "mhudumu" anampigia kwa sauti ya upole: "Mama, nitajie zile namba zimeingia kwa SMS sasa hivi nikumalizie." Akizitaja, mzigo wa kesho umeenda.

Kusasisha apu hakuhitaji PIN, wala namba za uthibitisho, wala simu kutoka kwa mtu yeyote. Ukiambiwa kuna toleo jipya, achana na linki. Fungua Play Store au App Store mwenyewe, tafuta jina la apu, na kama kuna kitufe cha kusasisha utakiona. Faili ya apu iliyotumwa kwa WhatsApp usiiweke, hata kama aliyekutumia ni binamu yako. Huenda naye ametumiwa. Na fanya hivyo ukiwa nyumbani jioni, bando likiwepo. Si ukiwa kwa foleni.

Kama ulishaandika PIN mahali usipopaamini, usingoje asubuhi. Ibadilishe sasa hivi kwa menyu ya simu, angalia salio, kisha utupigie kwa namba iliyo ndani ya apu, si ile iliyokupigia.