Je, Wajua? Kompyuta ya Skrini Nne na Jicho Linalosoma Moja

Nyoosha mkono mbele yako, inua kidole gumba, uutazame ukucha wake. Sehemu ya jicho inayoona kwa ukali, ile tunayosomea herufi na tarakimu, inaenea nyuzi 2 hivi tu, karibu na upana wa ukucha huo. Vingine vyote tunaviona kwa ukungu. Kwa hiyo treda aliyekaa mbele ya skrini 6 zilizojaa chati za dola, dhahabu na mafuta hazisomi zote 6. Anasoma moja, tena kipande chake.

Hata hivyo skrini nyingi zina faida ya kweli. Pembe ya jicho haisomi, lakini ni hodari wa kushtuka kitu kinapocheza: mstari ukiruka upande wa kushoto, shingo hugeuka kabla hujafikiri. Tena kila kitu hupata mahali pake pa kudumu. Mama lishe hatafuti chumvi. Mkono wake unajua iko wapi. Treda naye, bei zikikaa daima kulia na maagizo katikati, hahangaiki kufungua na kufunga madirisha huku soko linakimbia. Kwa maoni yangu skrini 3 au 4 zinamtosha mtu mmoja. Zaidi ya hapo shingo inaumia bure.

Jambo lenyewe si geni. Macintosh II ya mwaka 1987 ilikuwa na nafasi 6 za kuchomeka kadi, na iliweza kuendesha skrini 6. Upande wa Windows, toleo la 98 liliruhusu hadi skrini 9. Siku hizo skrini ya ziada ilidai kadi ya ziada. Leo kadi moja nyembamba hubeba 4.

Na hapo kwenye kadi ndipo wanunuzi wengi wanapokwama. Igeuze kompyuta ya mezani uitazame mgongoni. Mara nyingi utaona makundi mawili ya matundu ya skrini. La kwanza liko pamoja na matundu ya USB, ya spika na ya waya wa intaneti. Hayo ni ya ubao mama, na picha yake hutoka kwenye prosesa. La pili liko chini zaidi, kwenye bamba jembamba la chuma. Hiyo ndiyo kadi ya picha. Mashine nyingi zikigundua kuna kadi, huyazima matundu ya ubao mama mpaka uyaruhusu kwenye mipangilio ya BIOS. Mtu akichomeka skrini 2 juu na 2 chini, mbili zinabaki nyeusi, naye anaamini ameuziwa mbovu.

Angalia na umbo la tundu. La HDMI limebanwa pembe zote mbili za chini. La DisplayPort limekatwa pembe moja tu, na plagi yake mara nyingi ina vikulabu viwili vidogo vya chuma vinavyong'ang'ania ndani. Unabonyeza kitufe cha plagi kwanza, ndipo unavuta. Anayevuta kwa nguvu anaweza kung'oa tundu zima. DisplayPort, tangu toleo la 1.2, inaweza kupitisha picha tofauti za skrini kadhaa ndani ya waya mmoja, skrini moja ikimpokeza jirani yake, mradi zimetengenezwa kwa kazi hiyo. HDMI haifanyi hivyo. Ndiyo sababu kile kigawanyio cha HDMI cha bei nafuu, tundu moja likizaa manne, hutoa picha ileile kwenye skrini zote. Kinafaa banda la kuonyeshea mpira. Kwa chati ni hasara tupu, na bado watu wanakinunua kila siku.

Kadi yenyewe haina haja ya kuwa ya michezo. Chati ni mistari na vijiti vya rangi. Haichoshi kadi hata kidogo. Quadro P620 ya NVIDIA, kwa mfano, ni ndogo kama daftari la mfukoni, ina matundu 4 ya DisplayPort ya aina ndogo, na haizidi wati 40. Umeme wote inaupata kwenye ubao mama, bila waya wa ziada. Wati chache maana yake ni joto kidogo, na joto kidogo katika chumba cha Dar es Salaam mwezi wa pili ni uhai wa mashine.

Kuhusu kasi nitasema kwa ufupi, maana ndiyo inayotangazwa kupita kiasi. RAM ya GB 16 inatosha, GB 32 ni raha, na diski iwe SSD. Basi. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi London ni kama kilomita 7,500, hivyo agizo lako likienda na jibu likirudi, hata waya ungenyooka kama rula, zimekwisha milisekunde 75. Nyaya za kweli huzunguka na bahari, kwa hiyo ni zaidi. Prosesa ya bei ya juu haiwezi kuufupisha mwendo huo. Wala haimpi mtu maarifa ya soko: mwaka 2018 ESMA, mamlaka ya masoko ya mitaji ya Umoja wa Ulaya, ilieleza kuwa kati ya 74% na 89% ya akaunti za wateja wa kawaida wa mikataba ya CFD, ile ya kubashiri bei bila kuimiliki mali yenyewe, hupoteza fedha.

Mashine inaweza kukupa kitu kimoja tu, nacho ni kutokuacha njiani. Wengi hawajui kwamba kwenye MetaTrader 4, programu ya kufanyia biashara hiyo, agizo la kawaida la kukata hasara hukaa kwenye seva ya wakala, kwa hiyo linabaki hai hata kompyuta yako ikizimika. Lakini lile la kukata hasara linaloifuata bei huendeshwa na kompyuta yako wewe. Umeme ukikatika, linasimama palepale lilipofika, na bei inaendelea na safari yake.

Soko la hisa la New York hufunguliwa saa kumi na nusu alasiri kwa saa zetu na kufungwa saa tano usiku. Kukiwa na baridi huko, ongeza saa moja. Ni saa zilezile ambazo kila nyumba imewasha taa, pasi na televisheni. Kwa hiyo UPS, betri inayoshika zamu umeme ukikatika, si pambo. Piga hesabu: skrini 4 za inchi 24 ni kama wati 100, kompyuta ya kiasi wati 120, jumla 220. Soma namba ya wati kwenye UPS, usisome ya VA peke yake, maana ya VA huwa kubwa kuliko nguvu utakayoipata. Ruta nayo ichomekwe hapohapo. Na uwe na njia ya pili ya intaneti, japo bando la simu la mtandao mwingine, ingawa nayo ina mipaka: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilidorora Tanzania na kwa majirani, na mitandao mingi iliyumba kwa pamoja.

Kwa mwenye bajeti ndogo, ushauri wangu ni kompyuta za ofisini zilizotumika: HP za Z, Dell Precision, Lenovo ThinkStation. Zilijengwa kufanya kazi mchana kutwa kwa miaka. Nyingi hukubali RAM ya ECC, ambayo 0 moja ikigeuka 1 kwa bahati mbaya huigundua na kuirekebisha yenyewe. Ukizikuta Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, usitoe fedha kwa kuona taa inawaka. Fungua ubavu, uangalie vumbi na vile vimtungi vidogo vya ubao mama: kilichovimba kichwa kinakaribia kufa. Omba kuonyeshwa saa ambazo diski imeshatumika. Kisha mwambie muuzaji awashe skrini zote 4 kwa pamoja, kila moja na picha yake, aziache kwa saa nzima wewe ukiwa umekaa hapo. Akikataa, nenda duka la pili.