Mazutu na mbegu havipandi pamoja

Ndugu wanachama, mwezi wa tisa tulipakia magunia sita ya mbegu ya karanga kwenye Land Cruiser, tukashika njia ya Bukavu kwenda Shabunda. Bidoni ya mazutu niliiweka juu ya magunia. Shofere alinionya, mimi agronome nikaona anachelewesha safari. Kwenye mashimo kifuniko kikalegea. Tulipofika, magunia mawili yalikuwa yamelowa. Karanga yenye kunywa mazutu haifai kupanda wala kula, tuliifukia. Na batu walikuwa wameshalima mashamba, wanangoja.

Sasa mazutu inakaa nyuma kabisa, chini, imesimama wima, imekazwa na kamba ya mpira. Mbegu inakaa mbele karibu na kabini, juu ya mbao, imefunikwa na shitingi. Mzigo mzito haupandi juu, gari itapinduka kwenye mteremko.

Kriki bila ubao ni bure: inazama yenyewe kwenye matope. Beba ubao mgumu, beleshi, panga, kamba ndefu, pine mbili za akiba na pompi. Ukipunguza upepo wa pine ili utoke matopeni, utaurudisha na nini?

Tena, kama gari yenu iko na vifungio vya kuzungusha kwa mkono kwenye magurudumu ya mbele, vifunge mbele ya kuingia matope. Siye tulishavitafuta kwa vidole, matope iko magotini. Kwenye mto, mutu mmoja anatangulia kwa miguu na fimbo, gari inangoja.