Hesabu za Kichwa Huanzia Nyumbani

Mfikirie mkulima wa Sigino, katika Mji wa Babati, aliyepeleka mbaazi zake kwa mnunuzi. Mizani yaonyesha kilo 87; bei, tuseme, ni shilingi 700 kwa kilo. Mnunuzi abonyeza simu yake na kutaja jumla. Je, ni nani atakayeihakiki? Pengine ni mtoto wa darasa la tano aliyesimama kando ya baba yake. Akizijua hesabu za kichwa, jasho la msimu mzima limepata mlinzi.

Naye afanyeje? Aichukue 87 kana kwamba ni 90. Tisini mara 700 ni 63,000. Kilo 3 alizoongeza thamani yake ni shilingi 2,100. Akiziondoa, zinabaki 60,900. Hakuhitaji karatasi wala kalamu.

Siri yake ndiyo hiyo: kuigeuza namba ngumu iwe nyepesi, kisha kurekebisha. Kuzidisha kwa 5 ni kuzidisha kwa 10 na kugawa nusu: 48 mara 5 ni nusu ya 480, yaani 240. Chenji nayo huhesabiwa kwa kupanda. Aliyetoa shilingi 1,000 kwa bidhaa za 640 aongeze 60 kufikia 700, halafu 300 kufikia 1,000. Chenji yake ni 360.

Lugha yetu nayo ni mwalimu. Mtoto anayejumlisha 8 na 7 achukue 2 kutoka katika 7 ili 8 iwe kumi; zinabaki tano. Jibu ni kumi na tano, na jina lenyewe laieleza njia aliyopita. Ugumu huja katika makumi. Sitini yafanana na sita, na sabini na saba. Lakini arobaini haifanani na nne, wala hamsini na tano, kwa kuwa arobaini na hamsini ni maneno yenye asili ya Kiarabu, ilhali nne na tano ni ya Kibantu. Mtoto akikwama hapo, usimwite mzito wa akili. Mwambie "makumi manne" mpaka azoee.

Ndugu mzazi, najua unarudi kazini umechoka. Hata hivyo, dakika kumi wakati wa kungojea chakula cha jioni zatosha. Mpe mtoto maswali matatu ya nauli, ya sukari, ya mafuta ya taa. Akijibu, muulize, "Umepataje?" Muulize hata alipopata, kwani njia ina thamani kuliko jibu. Akikosa, weka mbali fimbo na kejeli. Mtoto mwenye hofu hutafuta pa kukimbilia, hatafuti jibu.

Haba na haba hujaza kibaba. Tuanze leo jioni, ili kesho mtoto wetu asimame penye mizani bila kutetereka.