Kombe Lililonyang'anywa Mezani: Habari za Timu ya Kandanda ya Chuo Kikuu cha Howard

Wachezaji wa timu zetu za jeshi na za polisi wanajua vema kwamba ushindi hupatikana uwanjani, kwa jasho. Iko timu moja ya wanafunzi, ng'ambo ya bahari, iliyopata ushindi wake kwa jasho hilo hilo, ikatawazwa bingwa mbele ya watu, na baada ya mwaka mmoja ikavuliwa taji mezani, kwa kalamu. Timu hiyo ni ya Chuo Kikuu cha Howard kilichoko Washington, mji mkuu wa Marekani. Tumeona habari zake zinafaa kuelezwa katika ukurasa huu kwa kuwa zinahusu sheria na nidhamu, mambo ambayo askari huishi nayo kila siku, na kwa kuwa wengi wa vijana hao walikuwa wana wa Afrika na wa visiwa vya Karibi.

Chuo chenyewe kilianzishwa mwaka 1867, miaka miwili baada ya kumalizika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, hasa kwa ajili ya kuwapa elimu Watu Weusi waliokuwa wametoka katika utumwa. Kilipewa jina la Jenerali Oliver Otis Howard wa majeshi ya Kaskazini. Jenerali huyo alipoteza mkono wake wa kuume katika mapigano ya Fair Oaks, jimboni Virginia, mwaka 1862, naye hakulifanya jeraha hilo kuwa sababu ya kukaa nyumbani, bali alirudi vitani akaendelea kuongoza askari. Vita vilipokwisha alipewa kuisimamia idara ya serikali iliyoshughulikia watumwa waliokombolewa. Hatusemi kwamba alikuwa malaika: mwaka 1877 ni yeye aliyewaandama wenyeji wa asili wa kabila la Nez Perce na kuwatoa katika nchi yao. Lakini chuo kilichobeba jina lake kilikua, kikawa ngome ya wasomi Weusi.

Ngome hiyo iliwavuta vijana kutoka mbali. Nnamdi Azikiwe, aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Nigeria, alisoma hapo kwa muda katika ujana wake. Eric Williams, aliyeiongoza Trinidad na Tobago katika uhuru mwaka 1962, alikuwa mwalimu hapo kabla ya kurudi kwao kuingia katika siasa. Kwa hiyo baba wa Port of Spain au wa Lagos aliyetaka mwanawe apate elimu ya juu Marekani alikuwa amekwisha kulisikia jina la Howard. Na vijana hao walipokwenda kutafuta shahada, walikwenda na kandanda lao miguuni. Wamarekani wenyewe walikuwa na mpira wao mwingine wa kushika mikononi, na kandanda la kwetu wengi wao waliliona kuwa mchezo wa wageni. Mwaka 1961, chini ya kocha Ted Chambers, Howard ilitwaa ubingwa wa kitaifa wa NAIA, chama kinachojumuisha hasa vyuo vidogo. Ubingwa mkubwa zaidi, ule wa chama kinachojulikana kwa herufi NCAA, ulikuwa bado.

Mwaka 1970 timu ilikabidhiwa kwa Lincoln Phillips, mwenyeji wa Trinidad aliyekuwa mlinda lango wa timu ya taifa lake, na ambaye katika timu ya kulipwa ya Washington Darts alilinda lango na kufundisha wenzake kwa wakati mmoja. Mtu aliyezoea kusimama langoni huuona uwanja wote mbele yake, na pengine ndiyo sababu walinda lango wengi huwa makocha wazuri. Katika msimu wake wa kwanza Phillips aliifikisha Howard katika nusu fainali ya NCAA, ikashindwa na UCLA ya California kwa mabao 4 kwa 3. Mwaka uliofuata haikushindwa na mtu.

Fainali ya mwaka 1971 ilichezwa tarehe 30 Desemba mjini Miami, katika uwanja wa Orange Bowl, ambao wakati huo ulikuwa umetandikwa nyasi za plastiki. Wapinzani walikuwa Chuo Kikuu cha Saint Louis, mabingwa wa mwaka 1969 na wa 1970. Hao hawakuwa wachezaji wa kubahatisha. Mji wa St. Louis ni kitovu cha zamani cha kandanda Marekani, na timu ya chuo hicho ilijengwa kwa vijana wa mji huo huo, waliocheza tangu utotoni katika timu za parokia za Kikatoliki. Kocha wao, Harry Keough, alikuwa beki wa timu ya Marekani iliyoishangaza dunia mwaka 1950 kwa kuifunga Uingereza bao 1 kwa 0 katika Kombe la Dunia huko Brazil. Upande wa Howard walikuwapo Keith Aqui na Alvin Henderson wa Trinidad, na Mori Diane wa Guinea. Jina la Guinea halitakuwa geni kwa wazee wetu wa kambini, maana ni Hafia ya Conakry iliyoizuia Simba, timu ya jeshi la Uganda, kulichukua kombe la vilabu bingwa vya Afrika katika fainali ya mwaka 1972, kwa mabao 4 kwa 2 kwao na 3 kwa 2 mjini Kampala. Huko Miami nako Saint Louis ililala kwa mabao 3 kwa 2. Howard ilimaliza msimu ikiwa imeshinda michezo yote 15, na kwa mara ya kwanza chuo cha Watu Weusi kikawa bingwa wa daraja la juu la NCAA.

Furaha hiyo haikudumu. Chama kilianza kuchunguza majalada ya wachezaji, na mwezi Januari 1973 kikatoa hukumu: baadhi ya vijana wa Howard hawakustahili kucheza, ubingwa wa 1971 unafutwa, na chuo hakitaruhusiwa kushindania kombe la mwaka 1973.

Inafaa tuzieleze kanuni zilizotumika, kwa maana hapo ndipo ulipo moyo wa habari hii. Kanuni ya kwanza ilihusu masomo. Ilitaka kila mwanafunzi, kabla ya kuchezea chuo, awe ametabiriwa kwamba atapata wastani wa alama 1.6 kati ya 4 katika mwaka wake wa kwanza. Utabiri huo ulifanywa kwa kupima matokeo yake ya shule na mitihani ya Kimarekani ya kuingia chuo. Sasa, kijana aliyemaliza shule Trinidad au Nigeria alikuwa amefanya mitihani ya Kiingereza, wala hakuona sababu ya kufanya ile ya Kimarekani. Kanuni haikuuliza kijana amepata alama gani baada ya kuingia darasani, iliuliza tu alitabiriwa kupata nini kabla ya kuingia. Chama chenyewe kiliifuta kanuni hiyo mwaka ule ule wa 1973, lakini waliohukumiwa kwayo walibaki wamehukumiwa.

Kanuni ya pili iliwalenga wageni waziwazi. Ilisema kwamba mwanafunzi mgeni aliyewahi kuchezea timu yoyote nchini kwao, baada ya kutimiza umri wa miaka 19 na kabla ya kuingia chuoni, atahesabiwa kila mwaka aliocheza kama mwaka mmoja wa kuchezea chuo. Kwa kuwa mchezaji aliruhusiwa miaka michache tu ya kukiwakilisha chuo, kijana aliyecheza mtaani kwao miaka mitatu alifika Marekani akiwa amekwisha kutumia sehemu kubwa ya haki yake bila kujua. Kijana wa Kimarekani aliyecheza miaka hiyo hiyo mitatu katika timu ya ridhaa ya mji wake hakukatwa hata siku moja.

Polisi anayesoma haya atauliza: je, kanuni si kanuni? Nasi tunakubali kwamba chama kisicho na kanuni ni kundi la watu tu, na kwamba Howard, kama chuo kingine chochote, ilikuwa na wajibu wa kuzisoma kanuni za mashindano iliyoyaingia. Lakini askari yeyote aliyepata kusimama mbele ya mkubwa wake kujibu kosa anajua kuna tofauti kati ya amri inayowahusu wote waliomo katika gwaride na amri inayomtafuta mtu mmoja. Vyuo vingine pia vilikuwa na wageni. Iliyonyang'anywa kombe ni Howard, na Watu Weusi wa Marekani hawakuhitaji kuelezwa maana yake.

Howard haikuchoma viti wala kutupa mawe. Ilikwenda mahakamani. Tukumbuke kwamba katika shule ya sheria ya chuo hicho ndiko alikosomea Thurgood Marshall, aliyeshinda mwaka 1954 kesi kubwa ya kuondoa ubaguzi katika shule za Marekani, na ambaye mwaka 1960 aliwasaidia wajumbe wa jirani zetu wa Kenya katika mazungumzo ya katiba mjini London. Chuo kilichotoa mwanasheria wa namna hiyo hakikuwa kigeni katika njia ya kutafuta haki. Mwaka 1973 mahakama ya Washington ilitoa uamuzi kwamba kanuni ya wageni ilikiuka katiba ya nchi, kwa kuwa iliwanyima wageni usawa mbele ya sheria, na mwaka 1975 mahakama ya rufani ikaunga mkono uamuzi huo. Kuhusu ile kanuni ya alama, mahakama haikukubaliana na Howard. Kwa hiyo chuo kilishinda nusu ya kesi yake, na kombe halikurudi.

Wakati mawakili wakibishana, Phillips alikuwa na kazi ngumu zaidi. Mwaka 1972 timu yake ilikuwa imefika tena nusu fainali na kushindwa na Saint Louis. Mwaka 1973 ilicheza msimu wake ikijua kwamba hata ikishinda michezo yote hakuna kombe litakaloshindaniwa. Ofisa aliyewahi kukaa na kikosi katika kituo cha mbali, bila likizo na bila tumaini la kupandishwa cheo, atafahamu jinsi ilivyo vigumu kuwaamsha vijana alfajiri kufanya mazoezi ya jambo lisilo na malipo. Katika hali kama hiyo timu nyingi husambaratika. Hii haikusambaratika.

Kifungo kilipokwisha, msimu wa 1974 ulianza, na Howard ikashinda mchezo baada ya mchezo. Katika michezo 19 ilifunga mabao 63 na kufungwa 6 tu. Fainali ilipangwa kuchezwa mwezi Desemba katika uwanja wa Busch, mjini St. Louis, na ni nani aliyekuwa akiwangoja huko? Saint Louis wale wale wa Harry Keough, mabingwa wa 1972 na wa 1973, nyumbani kwao, mbele ya mashabiki wao wenyewe. Dakika 90 zilikwisha wakiwa sare ya bao 1 kwa 1. Wakaongezewa muda, bado sare. Wakaongezewa mara ya pili na ya tatu, hakuna aliyekubali. Waliowahi kucheza hata dakika 30 za nyongeza wanajua jinsi miguu inavyogeuka kuwa magogo na macho yanavyoanza kuona mipira miwili. Ilikuwa katika nyongeza ya nne ndipo Kenneth Ilodigwe, kijana wa Nigeria, alipofunga bao la pili la Howard na kuumaliza mchezo. Hapakuwa tena na jalada la kuchunguza. Safari hii kombe lilibaki.

Phillips aliondoka chuoni baadaye. Howard ilifika fainali tena mwaka 1988 chini ya kocha Keith Tucker, ikafungwa bao 1 kwa 0 na Indiana. Miongoni mwa walinda lango wa chuo katika miaka hiyo alikuwamo Shaka Hislop, aliyekuwa akisomea uhandisi wa mitambo, ambaye baada ya shahada yake alichezea timu za Uingereza kama vile Newcastle na West Ham. Tarehe 10 Juni 2006, mjini Dortmund, Trinidad na Tobago ilicheza mchezo wake wa kwanza kabisa katika Kombe la Dunia, dhidi ya Sweden. Hislop hakuwa amepangwa, lakini mlinda lango wa kwanza aliumia wakati wa kupasha misuli moto, naye akaitwa dakika za mwisho. Mara baada ya mapumziko beki mmoja wa Trinidad akatolewa kwa kadi nyekundu. Hislop aliyazuia mashambulizi yote, na mchezo ukaisha bila bao.

Vijana wa 1971 wamekwisha kuwa wazee. Katika kumbukumbu za NCAA mwaka 1970 umeandikwa jina la Saint Louis, mwaka 1972 umeandikwa jina la Saint Louis, na katikati yao ubingwa wa 1971 umeandikwa kuwa umefutwa. Saint Louis, walioshindwa siku ile mjini Miami, nao hawakupewa.