Je, Wajua? Kanisa la Wapitaji Pale Forodhani

Ukishuka boti ya Zanzibar jijini Dar es Salaam, ukishawakwepa wapagazi na madereva wa teksi, mnara unaokukabili kando ya Barabara ya Sokoine, pale Forodhani, ni wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Wabenediktini wa Kijerumani walianza kulijenga mwaka 1897, wakalimaliza 1902. Misheni yao ya kwanza ilikuwa Pugu, 1888. Januari 1889, vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vikiwa vimepamba moto, ikashambuliwa na baadhi yao wakauawa. Sidhani ni bahati tu kwamba baadaye walijenga mbele ya gati, penye meli na askari wa serikali yao. Hata hivyo askofu wao, Cassian Spiss, hakunusurika: aliuawa Agosti 1905 akisafiri kusini, vita vya Maji Maji vya kuupinga utawala wa Wajerumani vilipolipuka.

Ukiingia ndani, anza na matao. Tao la nusu duara huzisukuma kuta kwa nje; lililochongoka huuteremsha uzito wima zaidi. Ukuta ukisukumwa kidogo, fundi anathubutu kuutoboa madirisha marefu. Ndiyo siri ya ujenzi wa Kigothi. Nyuma ya altare kuna vioo vya rangi. Kwa kawaida vioo vya namna hii hupewa rangi na madini yanayoyeyushwa humo humo: kobalti huleta buluu, shaba huleta kijani au nyekundu. Rangi iliyo ndani ya kioo haipauki upesi kama ya kupakwa, na jua la Dar si la mchezo.

Wajerumani waliondolewa kwa sababu ya Vita Kuu ya Kwanza, wakaja Wakapuchini wa Uswisi. Mwaka 1968 Jimbo Kuu la Dar es Salaam lilikabidhiwa Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kuwa kardinali.

Leo Kivukoni, eneo lilipo kanisa hili, ni mtaa wa benki na ofisi. Wanaolala huko ni wachache. Parokia za pembezoni mwa jiji, kama za Mbagala au Gongo la Mboto, zinasimama juu ya jumuiya za majirani wanaogongeana milango. Hii ya Forodhani, siku za kazi, inategemea wapitaji: karani kabla hajaingia ofisini, mchuuzi, abiria anayesubiri boti. Jumapili huongezeka waliohamia Mbezi na Kigamboni, ambao njiani wamezipita parokia kadhaa zilizo karibu zaidi na kwao.