Leseni ukutani, mguu kwenye hogo!

Kama mgongo unakuuma na unawaza kwenda kuchuliwa, hebu tulia kwanza, umalize safu hii.

Juzi nilikuwa Nachingwea kumwona mshikaji wangu mmoja. Nikamkuta kaketi barazani, mguu umefungwa hogo, magongo pembeni. Ufuta wake shambani umeshaiva unapukutika, yeye anawatazama tu wenzake wakienda kuvuna. Kulikoni tena?

Kumbe bwana, aliumia kwenye mechi ya ndondo. Kifundo cha mguu kikavimba kama andazi. Akaona kibanda kimeandikwa masaji, maumivu yote kwisha. Ndani kitanda safi, muziki laini, na leseni imebandikwa ukutani. Akajisemea, hapa ndipo penyewe.

Jamaa akamminya, akamkandamiza, akamvuta. Siku tatu mfululizo! Kila akipiga kelele anaambiwa, "Vumilia kaka, ndiyo damu inafunguka."

Siku ya nne akapanda gari hadi Ruangwa kwa bibi yake. Bibi huyo kina mama wa kule wanamjua kwa kukanda wazazi na kuchua viungo kwa mafuta ya ufuta.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu, hebu lete huo mguu."

Bibi akaugusa kidogo tu, akatoa mkono. "Huu haukuteguka. Mimi sichui mfupa. Nenda hospitali leo hii."

Picha ikapigwa. Mfupa umevunjika!

Nikamuuliza, sasa kwa nini ulimwamini yule wa kibandani? Akanijibu, "Si alikuwa na leseni!"

Hapo ndipo wengi tunapoingia mkenge. Ile ilikuwa leseni ya biashara tu, inayotolewa kwa Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972. Inaonyesha kuwa mtu kalipa na biashara yake inatambulika. Haisemi kama anajua kutofautisha msuli na mfupa. Hata muuza vitenge anayo!

Kutibu kuna sheria yake. Mwaka 2002 ilipitishwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, ikaunda Baraza chini ya Wizara ya Afya. Mganga wa tiba hizo anatakiwa asajiliwe, na mahali anapotibia pasajiliwe vilevile. Wale wa fiziotherapia ni watu wa hospitali, wamekaa darasani miaka, kama wanaosomea pale KCMC Moshi. Kwa hiyo ukiandika unapumzisha mwili uliochoka, hilo ni moja. Ukiandika unatibu, umeshaingia uwanja mwingine.

Wenzetu hawana mchezo na kazi hii. Thailand walitunga sheria mwaka 2016 ya kusimamia spa na nyumba za kuchulia. Korea Kusini ndiyo kali zaidi: leseni ya kuchua wanapewa wasioona tu! Wenye macho walilalamika, lakini mwaka 2008 Mahakama ya Katiba ikasema sheria ibaki hivyo hivyo.

Haya, na bibi yetu wa Ruangwa je? Hapa najua nitawaudhi baadhi yenu. Bibi ana ujuzi lakini hana karatasi. Yule kijana ana karatasi lakini hana ujuzi. Mimi ningemchagua bibi mara mia. Ila leo bibi akipumzika, kesho akatokea mwingine anayejiita bibi, tutamjuaje? Ndiyo maana nasema naye aende ofisi ya mganga mkuu wa wilaya, aulize namna ya kusajiliwa. Karatasi haitamwongezea ujuzi, lakini itamtenganisha na matapeli.

Na wewe msomaji, kabla hujavua shati uliza mambo matatu. Umejifunzia wapi? Umesajiliwa na nani? Na ni kitu gani huwezi kukichua? Hilo la tatu ndilo kubwa. Anayejua kazi atakwambia hachui mfupa uliovunjika, wala mguu mmoja uliovimba ghafla bila sababu, wala hatakandamiza tumbo la mjamzito. Anayekujibu kwamba anachua kila kitu, chukua viatu vyako uondoke.

Mshikaji wangu keshajifunza, ila ufuta wa mwaka huu ndiyo basi tena. Tukutane wiki ijayo!